Kizimba cha chuma ndani ya gari la faibaglasi

HUENDA umewahi kuiona picha yake katika kalenda ya zamani iliyobandikwa ukutani kwa kinyozi. Kigari kisicho na paa wala milango, magurudumu ya nyuma manene kama mapipa, injini ikining'inia nje kwa nyuma, na vijana wawili wakicheka huku mchanga ukiruka nyuma yao. Hiyo ndiyo bagi ya mchangani.

Nimeikumbuka kwa sababu ya barua ya wanafunzi watatu wa chuo kimoja cha ufundi. Wamepata bodi ya faibaglasi ya gari la namna hiyo, na baba wa mmoja wao ana Volkswagen kuukuu iliyolala uani miaka mingi. Wanataka kuunganisha viwili hivyo viwe kimoja. Mzee hana neno na mradi wenyewe, ila ameapa kwamba funguo hazitoki mfukoni mwake mpaka aelezwe jambo moja: gari likipinduka, vichwa vya watoto wake vitakingwa na nini? Wao wamemjibu kwamba wataweka mabomba. Mzee akauliza, mabomba gani, yamefungwa wapi? Wakakwama hapo, ndipo wakanishika mimi.

Mzee huyo nampigia saluti. Swali lake ndilo swali lenyewe, na ukurasa wa leo ni wake pamoja na kila mzazi mwenye kijana anayependa kukata na kuchomelea.

Kwanza tuijue asili ya chombo. Mwaka 1964, huko Newport Beach katika jimbo la California, mjenzi wa mashua aitwaye Bruce Meyers alikamilisha gari dogo la faibaglasi la kuendea ufuoni. Huyu bwana alikuwa mpenda mawimbi, na kazi yake ya mashua ilikuwa imemfundisha namna ya kumimina faibaglasi katika umbo la mviringo lisilo na pembe dhaifu. Gari aliliita Meyers Manx, kwa jina la yule paka asiye na mkia, maana nalo limekatwa nyuma ghafla. Magari ya kwanza kabisa yalikuwa na bodi iliyobeba kila kitu peke yake, lakini yalikuwa ghali kuunda. Meyers akabadili mpango: chukua sakafu ya Volkswagen ile ya mgongo wa kobe, ikate uifupishe kwa sentimita 36 hivi, kisha bandika juu yake bodi ya faibaglasi kwa bolti. Watu wakamiminika. Ziliuzwa zaidi ya 5,000 kabla ya kampuni yake kuvunjika mapema katika miaka ya 1970, na walioiga umbo lake bila ruhusa wakauza nyingi kuliko yeye. Alikwenda mahakamani, akashindwa. Alifariki mwaka 2021 akiwa na miaka 94.

Kwamba bagi si mchezo wa watoto ilidhihirika mwaka 1967, Manx iliposhinda mashindano ya kwanza ya kuvuka rasi ya Baja California huko Mexico kwa muda wa saa 27 na dakika 38, ikaziacha nyuma pikipiki na malori madogo. Nasi tusijifanye wageni wa Volkswagen. Kobe huyo huyo alishinda Safari yetu mwaka 1954, 1957 na 1962, enzi ambazo barabara ya Uganda na Tanganyika ilikuwa tope tupu.

Sasa tazama kilichofanyika hapo. Volkswagen ilipotoka kiwandani ilikuwa na paa la chuma, nguzo za chuma na milango ya chuma. Vyote hivyo vimetupwa. Badala yake umeketi katika sinia jepesi, kichwa chako ndicho sehemu ya juu kabisa ya gari, na chombo chenyewe ni kifupi kuliko kilivyozaliwa. Gari fupi lenye magurudumu makubwa likipanda tuta la mchanga kimshazari halihitaji mwendo wa kasi ili lilale ubavu. Kilomita 25 kwa saa zinatosha.

Ndiyo maana ya kizimba. Ni mabomba ya chuma yaliyounganishwa yakamzunguka dereva na abiria, ili gari likibiringika lisimame juu ya mabomba wala si juu ya fuvu la mtu. Magari yote ya mbio za Safari, tangu mashindano hayo yaliporejea katika msururu wa dunia mwaka 2021, yana kitu hicho ndani. Ukienda Naivasha chungulia dirishani mwa gari lolote la mashindano: utadhani umechungulia kwenye tundu la kuku.

Tofauti ni kwamba gari la Safari lina bodi ya chuma, na kizimba huchomelewa moja kwa moja kwenye bodi hiyo. Bagi haina. Na hapa ndipo wengi hukosea.

Faibaglasi ni nyuzi za kioo zilizoloweshwa rezini ikakauka. Mafundi wa boti huko Pwani wanaijua fika: ni nyepesi, haishiki kutu, inakubali umbo lolote utakalo. Lakini haina tabia ya chuma. Chuma kikizidiwa hupinda kwanza, na katika kupinda kwake hulila pigo. Faibaglasi ikizidiwa hupasuka. Fauka ya hayo, inachukia mzigo uliokusanyika mahali padogo. Ikalie kwa makalio yako yote, haitasema neno. Isimamie kwa kisigino chembamba cha kiatu cha harusi, utasikia "ka!"

Basi chukua upinde wa bomba, utoboe bodi ya faibaglasi mashimo mawili kila upande, uukaze kwa bolti na washa ndogo. Unapendeza, hasa ukiwa umepakwa kromu. Bagi nyingi za zamani zilikuwa na upinde wa aina hiyo hiyo, mmoja tu, nyuma ya viti. Siku gari litakapopinduka, uzito wote utaishukia ile miguu miwili, miguu itang'oa vipande vya faibaglasi vya ukubwa wa sahani, na upinde utamlalia aliyeketi chini yake. Huo si ulinzi. Ni pambo, na nadhani ni heri gari lisilo na pambo hilo kabisa, maana angalau dereva wake atajua kwamba hana kitu akaenda polepole.

Kanuni ya kwanza kwa hiyo ni hii: miguu ya kizimba isimame juu ya chuma, na faibaglasi iwe nguo tu. Mabomba yapite ndani ya bodi kupitia matundu mapana kuliko bomba lenyewe, yenye mpira wa kuziba pembeni. Kwa nini mapana? Kwa sababu gari likikimbia kwenye mashimo, chasisi na bodi havichezi kwa pamoja. Tundu likibana, bomba litakuwa linaitafuna bodi kila siku, na baada ya miezi michache utaona nyufa kama za utando wa buibui zikitambaa kutoka kwenye tundu.

Lakini chuma chenyewe kiko wapi? Sakafu ya Volkswagen ina mhimili mmoja mnene katikati, kama uti wa mgongo, na pande zake mbili kuna bati jembamba. Kwa nyuma kuna bomba nene la mlalo linalobeba fito za kusongoka zinazofanya kazi ya springi, kisha pembe mbili zinazoshika giaboksi. Mbele kuna mhimili wa magurudumu. Hayo ndiyo mahali pa kutegemea. Bati la sakafu peke yake ni jembamba mno. Ukisimamisha mguu wa kizimba katikati ya bati hilo, utalitoboa kama mwavuli unavyotoboa kapu. Wajenzi wengi wazoefu hutengeneza kwanza fremu ya mabomba ya mraba inayozunguka ukingo wote wa sakafu, ikaungwa na uti wa katikati na lile bomba nene la nyuma, halafu kizimba husimama juu ya fremu hiyo.

Kabla ya hayo, piga magoti uchunguze kutu. Betri ya kobe hukaa chini ya kiti cha nyuma upande wa kulia, na tindikali yake imekula sakafu nyingi mahali hapo hapo. Chukua bisibisi, gonga na kuchokoa. Ikizama, kata bati lote na uweke jipya. Chunguza pia pale sakafu ilipofupishwa, maana mshono huo unavuka gari lote kutoka upande hadi upande. Kama aliyeuchomelea alikuwa na haraka, kizimba chako kitakuwa nyumba ya ghorofa juu ya msingi wa matope.

Tuje kwenye mabomba. Mzee wa barua aliuliza mabomba gani, nami namjibu kwa herufi kubwa: SI YA MAJI. Bomba la maji lina mshono uliochomelewa urefu wake wote, na halikuundwa kwa ajili ya kukunjwa na kugongwa, bali kubeba maji. Lile lililopakwa zinki lina balaa la pili, kwani ukilichomelea hutoa moshi mweupe unaoleta homa na kutetemeka usiku huo huo. Fundi akikwambia "hii ni nene kuliko hiyo yako ya duka," mshukuru, lipia soda, ondoka.

Shirikisho la magari la dunia, FIA, linataka upinde mkuu uundwe kwa bomba la chuma cha kaboni kisicho na mshono, lililovutwa likiwa baridi, lenye kipenyo cha milimita 45 na ukuta wa milimita 2.5, au 50 kwa 2. Mabomba mengine yanaweza kuwa 38 kwa 2.5, au 40 kwa 2. Likunjwe likiwa baridi, kwa mashine yenye kalibu, na kona isiwe kali: nusu kipenyo cha mkunjo isipungue mara tatu ya unene wa bomba, yaani milimita 135 kwa bomba la 45. Mahali palipokunjwa pasibonyee. Pima kwa kalipa upande mwembamba na upande mpana; mwembamba ukipungua chini ya asilimia 90 ya mpana, bomba hilo ni la kutengenezea kitanda. Zile mashine za kukunjia ekzosi mjini huacha makunyanzi kama ya shingo ya kobe, na kila kunyanzi ni mahali bomba limekwisha chagua kuvunjikia.

Umbo lake je? Upinde mkuu husimama wima nyuma tu ya viti, mpana kadiri bodi inavyoruhusu, miguu yake miwili kwenye fremu. Kutoka mabegani mwake hushuka mabomba mawili kwenda nyuma, yakakita penye chuma cha kufungia shokomzoba. Ndani ya upinde wenyewe lazima lipite bomba la mshazari, kutoka bega moja hadi mguu wa upande wa pili. Wengi huliacha hilo kwa sababu linaharibu sura au linazuia mizigo ya nyuma.

Wewe mzazi, mwonyeshe mwanao jambo hili mezani. Chukua mabua manne, au hata vijiti vya mishikaki, uviunganishe kwa pini viwe mraba. Sukuma pembe ya juu kwa kidole: mraba unalala papo hapo, bila kijiti hata kimoja kuvunjika. Sasa ongeza kijiti cha tano kutoka pembe hadi pembe. Sukuma tena. Haulali! Huwezi kuulaza bila kuvunja kijiti au kung'oa pini. Fundi wa mapaa anaijua siri hiyo, ndiyo maana hakuna paa la mabati lisilo na mbao za mshazari. Kizimba chote ni mchezo wa pembetatu. Palipobaki mraba mtupu, jua hapo ndipo kitakapolala.

Upinde mkuu na mabomba yake ya nyuma na mshazari ndicho kiwango cha chini kabisa. Mimi ningeongeza upinde wa mbele unaofuata ukingo wa kioo, mabomba mawili ya juu ya kuunganisha pinde hizo, na bomba moja ubavuni kila upande, kwa sababu bagi haina mlango na mtu hana cha kumzuia asimwagike. Hata hivyo sipendi mtu atie chuma kila penye nafasi. Kizimba cha mita 14 za bomba, upinde mkuu ukiwa wa 45 na mengine ya 38, kina uzito wa kilo 32 hivi, pungufu ya mfuko wa saruji. Sehemu kubwa ya uzito huo iko juu. Ukiongeza mabomba ya urembo na taa sita juu yake, umelifanya gari kuwa jepesi wa kupinduka, na kupinduka ndiko ulikotaka kujikinga nako!

Na kizimba kinatakiwa kihimili nini? Kanuni za zamani za FIA zilitaka kibebe mara 7.5 ya uzito wa gari kikisukumwa kutoka juu, mara 5.5 kutoka mbele au nyuma, na mara 1.5 kutoka ubavuni. Bagi ya kilo 600 basi idhaniwe kuwa inakandamizwa na tani 4.5 kwenye paa lisilokuwepo. Mtu akikuambia amejaribu kizimba chake kwa kukining'inia na rafiki zake wawili, cheka naye, kisha panda matatu.

Kabla ya kununua hata mita moja ya chuma, jengeni kizimba cha mabomba ya plastiki ya umeme na gundi ya karatasi. Mrefu kuliko wote nyumbani aketi kitini, amevaa helmeti, amefunga mkanda. Vuteni kamba kutoka juu ya upinde mkuu hadi juu ya upinde wa mbele. Kati ya helmeti na kamba hiyo kubaki walau sentimita tano. Kisha ayumbe kushoto na kulia, mbele na nyuma, ili muone kichwa kinafika wapi. Jioni moja ya kazi hiyo huokoa fedha nyingi.

Upande wa miguu, ikiwa hutaichomelea kwenye fremu, basi ifungwe kwa bolti zisizopungua tatu kila mguu, za milimita 8 kwenda juu, zenye alama ya 8.8 kichwani. Chini yake kuwe na bamba la chuma la milimita tatu lenye eneo la sentimita mraba 120, kana kwamba unaweka sahani chini ya mguu wa kiti kilichosimama kwenye udongo laini. Kwa mabomba ya nyuma, 60 zinatosha.

Kuchomelea ni kazi ya fundi aliyefunzwa, na hapa sitawabembeleza wanafunzi wangu. Kateni na kupima nyinyi, mwisho wa kila bomba uchongwe mdomo wa samaki hadi ukumbatie bomba lenzake bila kuacha pengo la kujaziwa moto. Kisha mwiteni fundi. Kwanza ashikize kwa vidonda vidogo bodi ikiwa mahali pake, ili umbo lisipotee. Baada ya hapo, bodi yote inyanyuliwe na kuondolewa, ndipo achomelee duara kamili kila kiungo. Kunyanyua bodi ni usumbufu, lakini faibaglasi inawaka. Cheche moja iliyodondoka kwenye kona yenye vumbi la rezini hutoa moshi mweusi mzito, na tangi la petroli la bagi hukaa mbele, chini ya kifuniko, hatua moja kutoka kwa magoti ya fundi. Tangi litolewe lipelekwe mbali. Betri ifunguliwe. Ndoo za mchanga ziwe karibu. Na mnapokata faibaglasi vaeni barakoa na mikono mirefu, la sivyo mtajikuna hadi Jumatano.

Chuma kikikamilika, kuna hatari mpya ambayo watu hawaitarajii. Umeweka bomba la chuma nusu mkono kutoka kwa kipaji cha uso wako. Gari lisipopinduka, likagonga tu kisiki, kichwa kisicho na helmeti kitagonga bomba hilo. Funika kila bomba lililo karibu na kichwa kwa sponji ngumu ya kazi hiyo. Sponji ya godoro haifai, hubonyea yote kwa pigo moja ukawa umegonga chuma kitupu. Mikanda ya mabega nayo ifungwe kwenye bomba la mlalo lililo nyuma ya kiti, ikishuka kidogo tu kuelekea nyuma. Ikishuka mno hadi sakafuni, gari likigonga itaukandamiza uti wa mgongo. Bila mkanda kizimba hakina faida yoyote, maana utabiringika ndani yake kama embe ndani ya debe. Wenye mashindano hufunga hata mikono, kwa kamba fupi za kifundoni, kwa kuwa mtu akipinduka katika gari la wazi hunyoosha mkono nje kujizuia, na gari huulalia.

Kama mna nia ya kuitembeza barabarani badala ya ufuoni na mashambani, nendeni kwa NTSA mkaulize kabla ya kukata chuma.

Mwisho, rangi. Chagueni nyeupe au kijivu hafifu. Nyeusi inaficha nyufa, ilhali kwenye nyeupe ufa huonekana kama mstari wa kutu. Baada ya safari ya kwanza, kazeni tena bolti zote za miguu, maana zitakuwa zimelegea. Baadaye chunguzeni kila kiungo kwa tochi kila mwezi. Na kizimba kikishafanya kazi yake siku moja, kikapinda, msikubali fundi akinyooshe kwa nyundo na moto. Bomba lililopinda likatwe, liuzwe kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu, na mpime upya.